Meza, Baraza na Kimbweta: Mahali pa Kula na Kukutania katika Kumbukumbu za Wahitimu wa Bagamoyo na Mlimani

Katika lugha yetu mtu aliyemaliza masomo ya chuo huitwa mhitimu. Neno hili latumika leo katika vyeti, katika mahafali na katika matangazo ya kazi, wala wengi walitumialo hawafikiri tena juu ya asili yake. Lakini asili hiyo yafaa kukumbukwa. Kuhitimu, neno tulilolipata katika Kiarabu, kwanza kulikuwa ni kumaliza kuisoma Kurani. Na hitima ni kisomo ambacho katika miji ya pwani hakikomi ila kwa chakula. Watu huketi juu ya majamvi, masinia yakaletwa, na aliyesoma na asiyesoma wakatia mikono katika sinia moja. Kwa hiyo katika neno lenyewe tunalomwitia msomi aliyemaliza mna harufu ya wali. Kwa fikra za wazee wa pwani, kumaliza chuo bila kula pamoja kulikuwa hakujawa kumaliza.

Makala hii yakusudia kuchunguza mahali pa kula na mahali pa kukutania kama wahitimu wanavyopakumbuka. Mifano yangu nitaitoa katika sehemu mbili. Ya kwanza ni Bagamoyo, mji ulio kiasi cha kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam. Ya pili ni Mlimani, kilima ambacho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihamia mwaka 1964, upande ule ule wa mji ambako njia ya Bagamoyo hupita. Nitakalojaribu kuonyesha ni hili: kwamba katika vyuo vyetu vikubwa, ambamo lugha ya darasani kwa muda mrefu imekuwa Kiingereza, Kiswahili cha wasomi kimelelewa zaidi mezani na barazani kuliko darasani. Tena, kwa kuwa mambo ya mezani hayaandikwi katika kumbukumbu za vikao, historia yake imo vichwani mwa wahitimu, nao wanapungua kila mwaka.

Tuanze na maneno, maana ndiyo mashahidi wa kwanza.

Chuo, katika Kiswahili cha kale, kilikuwa kitabu. Baadaye jina la kitabu likahamia mahali kinaposomewa, ndipo watoto wakapelekwa chuoni na mtu mwenye elimu akaitwa mwanachuoni. Kisha vikaja vyuo vya ualimu na vyuo vya ufundi, na mwisho chuo kikuu. Baraza nalo lilisafiri safari ya namna hiyo. Baraza ni kikalio cha mawe au udongo kilichojengwa mbele ya nyumba, ambapo mwenye nyumba huketi na wageni wake pasipo kuwaingiza ndani. Jina la kikalio likawa jina la watu wakiketio, kisha likawa jina la mkutano wowote wa mashauri, hata leo twasema Baraza la Mawaziri. Hivyo ndivyo kiti cha mlangoni kilivyopata kuwa serikali. Dahalia, yaani nyumba ya kulala wanafunzi, lina asili ya neno la Kiarabu lenye maana ya mambo ya ndani. Bwalo ni jumba la kulia chakula shuleni. Nao wasemaji wa Kichewa wana neno hilo hilo kwa maana ya uwanja wa kukutania watu na mahali pa kuamulia kesi. Udugu wa maneno hayo mawili wastahili kuchunguzwa, kwani kama ni ndugu kweli, basi kula na kuamua mashauri vimekutana tena chini ya jina moja.

Msomaji ataona kwamba maneno haya yana tabia ya kushirikiana. Mahali hupata jina, kisha jina huwashika watu wa mahali hapo, kisha huishika kazi yao. Mwenye kutaka kujua historia ya wasomi wetu hana budi kuuliza waliketi wapi na walikula na nani.

Bagamoyo ulikuwa mji wa kukutania kabla haujawa mji wa vyuo. Katika karne ya 19 misafara ya pembe ilimalizia safari yake hapo, na wapagazi wa Kinyamwezi na wa makabila mengine ya bara walipiga kambi wakingoja ujira na mzigo wa kurudi nao. Wenyeji wa mji walikuwa na mabaraza yao na karamu zao. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 1995 juu ya karamu na ghasia za pwani hii kati ya 1856 na 1888, ameonyesha kwamba karamu za miji kama Bagamoyo na Pangani hazikuwa starehe tupu. Aliyeweza kulisha watu alipata jina. Aliyealikwa alihesabiwa kuwa mtu wa mji. Na wageni na watumwa walishindania nafasi karamuni kwa sababu nafasi hiyo ndiyo iliyokuwa uraia wao. Kwa maneno mengine, sinia lilikuwa na mpaka, na watu walipigania kuuvuka.

Mfano mkubwa wa kuuvuka mpaka huo ni Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye watu wa Bagamoyo walimjua kwa jina la Shehe Ramiya. Alitoka bara akiwa mtumwa, akasoma, akawa mwalimu na khalifa wa tarika ya Kadiria, akafundisha watu Bagamoyo mpaka alipofariki mwaka 1931. Maulidi ya tarika hiyo yaliwaleta watu kutoka mbali, wakaswali, wakasoma, wakala. Tukiyatazama mambo haya kwa jicho la historia ya elimu, twaona kwamba chuo chake kilimfanya aliyenunuliwa kuwa mwenyeji wa karamu. Hilo ni jambo kubwa kuliko kubadili cheo, maana katika mji wa pwani mwenye kukaribisha ndiye mwenye mji.

Upande wa pili wa mji palikuwa na chuo cha namna nyingine. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni Bagamoyo, wakawalea humo watoto waliokombolewa katika utumwa. Watoto hao walitoka makabila mengi ya bara, kila mmoja na lugha ya mamaye, nao walilazwa pamoja, wakafanya kazi shambani pamoja, wakala pamoja kwa saa zilizopangwa. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Padre Charles Sacleux, aliyekaa Zanzibar na Bagamoyo katika miaka ya mwisho ya karne ile, aliyakusanya maneno ambayo baadaye yalitiwa katika kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyochapishwa Paris kati ya 1939 na 1941. Sisi wanaisimu twaisifu kamusi ile kwa upana wake na kwa jinsi ilivyozitenga lahaja. Lakini ni haki tukumbuke pia kwamba msamiati wa vyakula, vyombo na mapishi haukuanguka kutoka mbinguni. Ulitamkwa na watu waliokuwa wakila, na katika watu waliomzunguka padre huyo kila siku walikuwamo vijana wa misheni, ambao majina yao hayakuandikwa juu ya jalada.

Mwenyeji mmoja wa Bagamoyo jina lake liliandikwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, na habari alizozitoa ndizo kiini cha kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Humo mna malezi, mna chuo, mna ngoma, mna harusi na karamu zake. Lakini yeye mwenyewe hakupata heshima ya kudumu huko. Aliacha kazi, na mwaka 1905, alipojaribu kurejea Dar es Salaam pamoja na mkewe Mjerumani, serikali ya kikoloni haikuwaruhusu kushuka pamoja. Akarudi Ujerumani, akafia Berlin mwaka 1927. Huwa nafikiri kwamba mtu yule aliandika habari za ukarimu wa kwao akiwa katika nchi ambayo haikujua kumketisha.

Nalisema hilo kwa sababu mimi nami niliandika tasnifu yangu ya udaktari huko huko Ujerumani, zaidi ya miaka mia moja baada yake, wala sikutendwa kama alivyotendwa yeye. Katika bwalo la chuo kile kila mtu huchukua sinia lake la plastiki, hulipa, huketi apatapo nafasi, hula, huondoka. Ni utaratibu mwema na wa haraka. Lakini wanafunzi wa Afrika Mashariki tulikuwa na meza yetu karibu na dirisha, na katika meza hiyo nilijifunza isimu ambayo hapana profesa aliyenifundisha. Siku tulipozungumzia chakula cha nyumbani, mimi nilisema ugali, mwenzangu wa Mombasa akasema sima, na wa Bukavu akasema bugali. Kisamvu changu kwake kilikuwa sombe, na mchicha wangu ulikuwa lengalenga. Kwanza tulicheka, kisha tukaanza kubishana ni lipi lililo sahihi, mwisho nikatoa daftari. Makala yangu ya kwanza juu ya lahaja ilianzia katika daftari hilo, tena ukurasa wake wa kwanza una doa la mchuzi.

Sasa na turudi katika vyuo vya nchi yetu, lakini tupitie Makerere, kwani wasomi wa kwanza wa Tanganyika walisomea huko, naye Julius Nyerere alikuwako kuanzia 1943 hadi 1945. Mwaka 1952 wanafunzi wa Makerere waligoma kwa sababu ya chakula cha bwaloni. Mmoja wa waliofukuzwa ni Abu Mayanja, ambaye mwaka huo huo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha siasa cha Uganda National Congress na katibu wake mkuu. Watu wa nje huweza kucheka kusikia kwamba wasomi waligombea mboga. Lakini mwanafunzi katika chuo cha kikoloni hakuwa na sauti juu ya mtaala, wala juu ya mwalimu, wala juu ya serikali. Sahani ndiyo iliyokuwa mbele yake mara tatu kwa siku. Akiisukuma, amesema.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Mwanzoni kilikuwa na uhusiano na Chuo Kikuu cha London, na desturi nyingi za maisha ya wanafunzi zilifuata mfano wa kigeni, pamoja na majoho. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, baadhi yao wakiwa wamevaa majoho hayo. Rais Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300, akapunguza mishahara ya wakubwa wa serikali, wake mwenyewe kwa asilimia 20. Swali lililokuwa mbele ya taifa siku ile halikuwa la kisheria tu. Lilikuwa swali la mezani: anayelishwa kwa kodi ya mkulima anadaiwa nini na mkulima?

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 meza zilibadilika mazungumzo. Chama cha wanafunzi wanamapinduzi kilichoundwa mwaka huo, ambacho Yoweri Museveni alikuwa mwenyekiti wake, kilifanya madarasa ya itikadi siku za Jumapili, nje ya ratiba ya chuo. Walter Rodney alikuwa miongoni mwa walimu waliojiunga nao. Jarida lao, Cheche, lilitoka kuanzia 1969 mpaka lilipopigwa marufuku pamoja na chama chenyewe mwaka 1970. Karim Hirji, aliyekuwa mmoja wa wahariri, alikusanya kumbukumbu za wenzake katika kitabu kilichotoka mwaka 2010. Yafaa kusomwa na kila anayetaka kujua jinsi wahitimu wanavyokumbuka, kwani watu wale, wengi wao wakiwa wametimiza miaka sitini, wanazungumza juu ya vikao, safari na mabishano kwa uhai ambao mihadhara iliyomo katika ratiba haipewi. Lakini Cheche liliandikwa kwa Kiingereza, ijapokuwa jina lake ni la Kiswahili. Jina hilo ni dalili ya mpaka tunaoutafuta: hoja iliandikwa kwa lugha ya darasani, na ubatizo ukafanywa kwa lugha ya barazani. Haikuwa mpaka 1970 ambapo idara ya Kiswahili ilianzishwa Mlimani na mwanafunzi akaweza kuandika mtihani wa chuo kikuu kwa lugha aliyoombea chumvi.

Bagamoyo nako chuo kipya kilikuwa njiani. Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana iliundwa mwaka 1962, na baadaye kidogo kikaundwa Kikundi cha Ngoma cha Taifa. Vijana waliotumwa China wakarudi mwaka 1969 na kikapatikana kikundi cha sarakasi. Kikafuata cha maigizo. Vikundi hivyo vilipovunjwa, mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 kimekuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Tamasha lake la kila mwaka lilianza mwaka 1982.

Chuo cha sanaa kina tofauti moja na vyuo vingine: ndani yake mahali pa kukutania na darasa ni kitu kimoja. Ngoma haiwezi kufundishwa kwa mtu mmoja mmoja. Bugobogobo ya Wasukuma, sindimba ya Wamakonde na mdundiko wa Wazaramo zilikutana katika uwanja mmoja, zikafundishwa na kujifunzwa na watu wasio wa kabila la ngoma hiyo. Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na ilimba wa Ugogo, alifundisha hapo, akakaa Bagamoyo mpaka alipofariki mwaka 2003. Nilipozungumza na mhitimu mmoja wa miaka ya mwanzo, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu, nilimwuliza alisoma masomo gani. Alinitajia mawili, akasita. Nilipomwuliza walikuwa wakila wapi, alisimulia mpaka magharibi: nani alipiga mtungo wa vijiko kuita watu, nani alikataa samaki kwa kuwa kwao ni mbali na maji, wimbo upi ulioanzwa na waliokuwa wakingoja zamu, ambao baadaye ulipandishwa jukwaani. Kumbukumbu yake ilikuwa imehifadhiwa kwa mpangilio wa milo.

Ukumbi mkubwa wa chuo hicho ulioungua mwaka 2002 ulijengwa upya. Watu waliandika hasara ya jengo, na ilistahili kuandikwa. Lakini jengo lina michoro, nalo laweza kurudishwa. Desturi za waliokutana humo hazina mchoro.

Katika miaka ya 1990 vyuo vikuu vyetu viliingia utaratibu wa kuchangia gharama. Mwanafunzi ambaye kaka yake alilishwa na serikali sasa alinunua mlo wake mwenyewe. Kisha ikaja Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na pesa ya kujikimu ikawa deni la kulipwa baadaye. Sina nia hapa ya kuhukumu siasa ya uchumi. Nataka kueleza lililotokea mezani. Mlo wa pamoja, wa saa moja na wa chakula kimoja, ulikwisha. Mwenye nacho alikula alipotaka. Asiyekuwa nacho alikunywa chai akasema ameshiba. Nje ya vyuo, na hata ndani, wakajaa akina mama waliopika chini ya miti na vibanda. Hao jina lao ni hazina kwa mwanaisimu: mama ntilie, yaani kauli nzima ya mteja, nitilie, imeganda ikawa jina la mwuzaji. Baadaye wenye kupenda adabu waliwaita mama lishe. Yote mawili yanaishi, lakini la kwanza ndilo lililozaliwa na njaa, na ndani yake bado twasikia mtu akinyosha sahani.

Mimi niliingia Mlimani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mlo wa pamoja sikuukuta. Nilichokikuta ni kimbweta. Kwa wasomaji wasiokijua, kimbweta ni meza ya saruji iliyokazwa ardhini, pamoja na vikalio vya saruji kuizunguka, mara nyingi chini ya mti. Wanafunzi husomea hapo, hula hapo chakula walichokinunua, hubishana hapo, huchumbiana hapo. Kimbweta hakina mlango wala ratiba, wala hakimwulizi mtu kama amelipa. Ni baraza la mlangoni lililohamia chuo kikuu.

Hapo ndipo nilipokisikia Kiswahili cha wasomi kikifanya kazi. Asubuhi tulisikiliza mhadhara wa Kiingereza. Mchana, kwenye kimbweta, mhadhara ule ule ulivunjwavunjwa na kuelezwa upya kwa Kiswahili, na asiyeelewa asubuhi alielewa mchana. Istilahi ambazo hazikuwamo katika kamusi zilibuniwa, zikajaribiwa, zikatupwa au zikabaki. Maneno ya maisha yetu nayo yalizaliwa hapo: bumu, yaani pesa ya kujikimu; madesa, yaani nakala za maelezo ya masomo yanayopokezanwa; kudisko, yaani kuondolewa masomoni kwa kushindwa mitihani. Hapo pia nilijua kwamba wenzangu wa bara huita nyama mboga, maana kwao mboga ni chochote kinachofuatana na ugali, hali mimi nilikuwa nimelelewa kukiita kitoweo na kuliacha neno mboga kwa majani. Nilimsahihisha mwenzangu mmoja kwa kiburi cha mtu wa pwani. Alinijibu kwa upole kwamba waitao hivyo ni wengi kuliko sisi. Nimefundisha isimu kwa miaka mingi tangu siku hiyo, na sijapata kuieleza kanuni ya matumizi kwa ufupi kuliko alivyoieleza yeye.

Hata hivyo nisimdanganye msomaji kwa utamu wa kumbukumbu. Mahali pa kukutania pana watu wake na pana waliofukuzwa. Kwa miaka mingi hapo Mlimani palikuwa na desturi iliyojulikana kwa jina la Mzee Punch: michoro na maandishi yaliyobandikwa ukutani usiku, pasipo jina la mwandishi, kuwakejeli watu. Ilianza kama sauti ya kuwasema wakubwa, ikaishia kuwatesa wanafunzi wa kike waliokataa kunyenyekea. Aliyechorwa alitengwa, na aliyeketi naye alijua kwamba zamu yake ingefika. Mwanzoni mwa 1990 mwanafunzi mmoja wa kike aliyekuwa amedhalilishwa alijiua, na desturi ile ikapigwa marufuku. Nimewasikia wahitimu wa kiume wakiusimulia ukuta ule kwa kicheko. Wahitimu wa kike niliowauliza walinisimulia njia walizozunguka ili wasipite mbele yake, na milo waliyoikosa kwa kuogopa kuingia bwaloni. Hao wote walisoma chuo kimoja, wakapewa shahada ya namna moja, lakini ramani zao za chuo hazifanani. Mwanahistoria atakayewauliza wanaume peke yao ataandika habari za chuo kilichokuwa na milango mingi kuliko kilivyokuwa kweli.

Kwa hiyo nina mashauri matatu kwa wenzangu wa taaluma hii. La kwanza, tunapowahoji wahitimu tusianze kwa kuuliza walisoma nini. Tuanze kwa kuuliza waliketi wapi na walikula na nani, kisha mengine yatafuata. La pili, tusiwahoji wahitimu peke yao. Wapishi, wagawaji wa chakula na mama lishe walisikia Kiswahili cha vizazi kadhaa vya wasomi kikipita mbele ya sufuria zao, nao wanajua neno gani lilikuja lini, ingawa hapana aliyewauliza. La tatu, wanawake wahojiwe wao kwa wao, na ushuhuda wao usitiwe katika tanbihi.

Nitatoa mfano mmoja wa kuonyesha kwamba kazi hii haiwezi kungoja. Bweta, kama kamusi zinavyoeleza, ni kasha dogo. Kwa kanuni za kawaida za udogoshi tungetazamia kibweta. Basi hiyo m ya kimbweta imetoka wapi? Je, ni mzaha wa wanafunzi, ni athari ya lugha moja ya bara, au ni neno jingine kabisa lenye asili yake? Hapana kitabu kitakachotujibu, kwa maana neno hili halikuzaliwa katika kitabu. Lilizaliwa kinywani mwa mtu aliyekuwapo saruji ya meza za kwanza ilipokuwa bado mbichi, akaitazama, akaipa jina, na wenzake wakacheka wakalifuata. Mtu huyo yumkini yu hai. Pengine amestaafu, pengine anaishi Bagamoyo au Kunduchi, na jarida hili humfikia. Kama anasoma maneno haya, au kama msomaji yeyote anamjua, namwomba atuandikie.